Ngozi Ikibadilika Katikati ya Tiba: Dawa ya Kuacha Leo na Dawa ya Kuendelea Nayo

Katika kliniki ya ngozi ninakohudumu, kwenye hospitali ya wilaya mkoani Kilimanjaro, kauli ninayoisikia kuliko nyingine zote ni "Daktari, dawa zimenikataa." Mara nyingi anayeitamka huwa ameshakata shauri nyumbani: vidonge vimewekwa kando, na amekuja kuniarifu tu, si kuniuliza. Wengi wa hao wameacha dawa ambayo hawakupaswa kuikosa hata siku moja, kwa sababu ya badiliko la ngozi linaloudhi lakini lisilodhuru. Lipo pia kundi la pili, dogo kwa idadi, ambalo ndilo linalonitia hofu zaidi: watu walioendelea kumeza dawa iliyokuwa ikiwababua midomo na macho, kwa kuwa mtu fulani aliwaambia kwamba hayo ni maudhi madogo madogo na yatapita yenyewe. Makundi haya mawili yamekwama mahali pamoja. Hayajaonyeshwa namna ya kutenganisha ngozi inayoshambuliwa na dawa, ngozi inayobadilika rangi tu kwa sababu ya dawa, na ngozi inayotoa habari za ugonjwa wa ndani ambao dawa haihusiki nao hata kidogo.

Nianze na kikwazo kinachotuhusu sisi watu weusi na waganga wetu. Vitabu vingi tulivyosomea vinaeleza mzio wa dawa kwa neno "wekundu", na picha zake ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu wekundu huo hugeuka zambarau iliyoiva, kahawia nzito au weusi wenye ukijivu, na wakati mwingine dalili ya kwanza hata si rangi bali ni mguso, kwa maana kiganja huhisi vinundu vidogo mgongoni kabla jicho halijaviona. Ndiyo sababu humsogeza mgonjwa dirishani kwenye mwanga wa jua, nikampitishia kiganja mgongoni na tumboni, kisha nikatazama sehemu ambazo rangi ya asili haizifichi sana: ndani ya mdomo, fizi, weupe wa jicho, viganja na nyayo. Tena ngozi nyeusi ikishaumwa huacha baka jeusi linaloweza kukaa miezi mingi baada ya ugonjwa wenyewe kwisha. Wagonjwa hulihesabu baka hilo kuwa ugonjwa unaoendelea, wakaenda kununua krimu ya kuling'oa, na hapo huanza balaa jingine ambalo nitaligusia baadaye.

Baada ya jicho na kiganja hufuata kalenda. Ukimuuliza mtu anatumia dawa gani, atakutajia za presha, za kisukari au za kufubaza virusi, lakini hatataja kidonge cha maumivu alichonunua duka la jirani, dawa ya minyoo, wala mizizi aliyochemshiwa na shangazi yake, kwa sababu kwake hizo hazimo katika hesabu ya dawa. Kwa hiyo mimi huuliza kwa tarehe: wiki hii umemeza nini kipya, wiki iliyopita je, na mwezi uliopita? Kila aina ya mzio ina saa yake. Mabaka yaliyovimba na kuwasha, yanayotoweka hapa na kuibuka pale, huja ndani ya dakika au saa chache tangu dawa imezwe. Vipele vya kawaida vya dawa, vinavyotapakaa kifuani na mgongoni kabla ya kushuka miguuni, hujitokeza zaidi kati ya siku ya 4 na ya 14. Mzio mkali wa dapsoni, ile dawa ya ukoma, kwa kawaida hungoja wiki 4 hadi 6. Dawa ya presha ambayo mtu ameizoea kwa miaka mitano ni nadra kuwa mkosaji wa vipele vilivyoanza jana, ingawa ndiyo inayoachwa kwanza.

Watu wa rika langu watakumbuka mfano ulio wazi kuliko yote, nao ni klorokwini. Hadi mwaka 2001, ilipoondolewa kuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania Bara na nafasi yake kuchukuliwa na SP (mchanganyiko wa sulfadoksini na pirimethamini), kila familia ilimjua mtu ambaye akimeza klorokwini hulala usiku kucha akijikuna. Mwasho huo ulianza saa chache baada ya dozi, ukauma kama sindano kwenye viganja na nyayo, ukadumu siku mbili tatu, na ngozi ilipotazamwa ilikuwa safi kabisa, haina kipele hata kimoja. Dawa za mzio zilisaidia kidogo sana. Ulikuwa mwasho wa watu weusi wa Afrika hasa, na haukuwa hatari kwa maisha, lakini matokeo yake yalikuwa makubwa, maana watoto waliificha dawa chini ya ulimi na watu wazima walimeza dozi ya siku ya kwanza wakaacha iliyobaki mfukoni. Dawa ya mseto ilipoingia mwishoni mwa mwaka 2006, mwasho huo ukasahaulika, na vijana ninaofanya nao kazi leo huusikia kama hadithi.

Sasa niingie kwenye hatari yenyewe. Mwaka 1922 madaktari wawili wa New York, Stevens na Johnson, walieleza habari za wavulana wawili waliokuwa na homa, macho yaliyovimba vibaya, midomo iliyobabuka na vipele mwilini, na ugonjwa huo ukapewa majina yao. Mwaka 1956 Alan Lyell wa Scotland akaeleza hali nzito zaidi, ambayo ngozi hubanduka vipande vipana mithili ya mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto. Leo hizi huhesabiwa kuwa ngazi za ugonjwa mmoja: ngozi iliyobanduka ikiwa chini ya asilimia 10 ya mwili ni ugonjwa wa Stevens-Johnson, ikizidi asilimia 30 ni ule wa Lyell, na kati ya hapo ni mchanganyiko wa hizo mbili. Katika ngazi ya juu, karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu hupoteza maisha. Huanza kwa kawaida kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu dawa ianzwe, na ni muda huo mrefu unaowapumbaza watu, kwa kuwa mtu aliyemeza dawa wiki tatu bila shida huona kwamba ameshaizoea.

Dalili zake za mwanzo hazifanani na mzio tunaoujua. Huja homa, koo huuma, macho huchoma, na kwa siku moja hadi tatu mgonjwa hutibiwa malaria au mafua. Kisha ngozi huanza kuuma. Nasisitiza kuuma, kwa sababu mgonjwa anayejikuna kwa nguvu zake zote kwa kawaida hunipa moyo, ilhali yule anayekataa nguo isimguse hunishtua. Mabaka yake ni meusi au ya zambarau, katikati pakiwa peusi zaidi, hayainuki juu ya ngozi, na baadhi yake hufanya malengelenge yaliyolegea. Ukiweka kidole pembeni mwa baka na kusukuma kidogo, tabaka la juu la ngozi huteleza. Midomo hupasuka, hutoka damu, kisha hufunikwa na magamba meusi, mgonjwa hushindwa kumeza hata mate, na mkojo huunguza unapotoka. Mtu yeyote aliyeanza dawa mpya ndani ya miezi miwili iliyopita, akapata vipele pamoja na vidonda mdomoni au macho mekundu yenye kuchoma, anapaswa kufika hospitali siku hiyo hiyo na kubeba dawa zake zote, si kesho baada ya kuona kama itatulia.

Orodha ya watuhumiwa haijawa ndefu sana. Inaongozwa na Septrini na dawa nyingine zenye salfa, dawa za kifafa za karbamazepini, fenitoini, fenobabitoni na lamotrijini, alopurinoli inayotumika kwa gauti, nevirapini kati ya dawa za VVU, na baadhi ya dawa za maumivu kama piroksikamu. Afrika Mashariki ina historia yake chungu hapa. Kwa miongo kadhaa kifua kikuu kilitibiwa kwa kidonge cha bei nafuu kilichoitwa Thiazina, mchanganyiko wa isoniazidi na thiasetazoni, na kabla ya janga la UKIMWI kilivumilika vizuri. Utafiti uliofanyika Nairobi na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa wenye VVU karibu mmoja kati ya watano alipata mzio wa ngozi kutokana na thiasetazoni, wakati kwa wasio na VVU ilikuwa karibu mmoja kati ya mia. Wengine walifariki, ngozi ikiwa imebanduka. Katika miaka iliyofuata dawa hiyo iliondolewa hatua kwa hatua, na wauguzi wa zamani wa wodi za kifua kikuu bado huitaja kwa sauti isiyo ya kawaida yao.

Nevirapini nayo ilikuja na tahadhari iliyojengwa ndani ya dozi. Mgonjwa alianza na miligramu 200 mara moja kwa siku kwa siku 14, ndipo akaongezewa kuwa mara mbili, na nusu dozi ile ya mwanzo ilipunguza vipele. Wagonjwa wengi walidhani ni uhaba wa dawa au mapendeleo ya mgawaji, maana hakuna aliyewaeleza sababu. Tangu mwaka 2019, dolutegraviri ilipoanza kushika nafasi ya kwanza nchini, vipele vya kutisha kutokana na dawa za VVU vimepungua sana katika kliniki yangu, na wagonjwa wa vipele hivyo wanaobaki ni wa Septrini na wa dawa za kifafa.

Mmoja wa hao alikuwa kijana aliyeanzishiwa karbamazepini baada ya kuanguka mara kadhaa shambani. Mama yake aliambiwa, kwa haki kabisa, kwamba dawa ya kifafa haikosi hata siku moja. Homa na koo vilipoanza, duka la dawa likampa kijana vidonge vya koo, na mama akaendelea kumpa karbamazepini asubuhi na jioni, akiisaga na kuichanganya na uji mdomo ulipoanza kuwa na vidonda. Alifuata maelekezo kuliko wengi wetu tunavyoyafuata. Hakuna aliyemwambia sentensi moja ya ziada, kwamba wiki nane za kwanza vipele vyenye vidonda mdomoni ni sababu ya kuisimamisha na kukimbilia hospitali. Tiba aliyopata haikuwa ya ajabu: dawa ilisimamishwa siku hiyo, kifafa kikadhibitiwa kwa dawa ya ukoo mwingine, akawekewa dripu, shuka likainuliwa kwa fremu lisigande kwenye ngozi, mafuta mazito ya vaselini yakapakwa mahali palipobanduka, na wauguzi wakamsafisha macho kila baada ya saa chache usiku na mchana. Ngozi ilirudi ndani ya wiki chache. Macho hayakurudi yote. Machozi yamepungua, jua humchoma, na bado yumo mikononi mwa kliniki ya macho. Wanaopona ugonjwa huu mara nyingi hubaki na deni la macho, kwa hiyo hata mgonjwa anayeonekana amepona aonwe na mtaalamu wa macho kabla ya kuruhusiwa.

Upande wa mizio isiyoua, ninao mmoja ambao umevunja amani ya nyumba nyingi. Baka la duara, jeusi lenye zambarau, wakati mwingine likiwa na lengelenge katikati, hutokea mahali palepale kila mtu anapomeza dawa ileile: kwenye mdomo, kidoleni, na mara nyingi kwenye uume. Likitokea sehemu za siri mke hudai maelezo, mume huapa, na wote wawili huishia kupewa dawa za magonjwa ya zinaa. Hapo ndipo kichekesho kichungu kilipo, kwa kuwa doksisaiklini, metronidazoli na Septrini, ambazo hutolewa sana kwa dalili kama hizo, zenyewe ni miongoni mwa dawa zinazosababisha baka hilo, hivyo tiba hulirudisha kila mara. Swali linaloumaliza ugomvi ni moja tu: je, baka hili limewahi kutokea hapohapo, na siku hiyo ulikuwa umemeza nini? Mzee mmoja alikaa kimya kwa muda, kisha akanihesabia kwa vidole vyake mara zote alizougua kuhara, na kila mara baka lilikuwa limefuata.

Nigeuke sasa upande wa kuvumilia, ambao kwa kweli unahitaji ujasiri mkubwa kuliko wa kuacha. Klofazimini ni dawa iliyotengenezwa Dublin, Ireland, katika miaka ya 1950 kwa lengo la kutibu kifua kikuu, ikapata kazi yake kubwa kwenye ukoma, na miaka ya karibuni imerudi kwenye kifua kikuu sugu. Ni dawa yenye rangi nyekundu ambayo hujihifadhi katika mafuta ya mwili na kwenye ngozi. Baada ya wiki kadhaa ngozi hupata wekundu wa kahawia, kisha weusi mzito usio wa asili ya mtu, hasa usoni na penye jua, huku miguu ikikauka na kufanya magamba. Jasho na mkojo vinaweza kuwa na wekundu. Haiumi na haidhuru, na rangi hurudi polepole baada ya tiba kwisha, lakini kwa kuwa dawa hutoka mwilini kwa mwendo wa miezi, urejeo huo unaweza kuchukua mwaka au zaidi.

Kwa mgonjwa wa kifua kikuu sugu hilo ni jaribu zito. Miaka ilipita wote wakipelekwa hospitali ya kifua kikuu ya Kibong'oto, mbali na majirani. Siku hizi wengi hutibiwa karibu na nyumbani, na majirani huona. Dada mmoja aliniambia kwamba kanisani watu walikuwa wakimsogea kumpa pole ya msiba ambao haukuwapo. Mwingine aliambiwa na wifi yake kwamba amekaushwa na dawa za watu, na akaacha vidonge kwa wiki nzima kabla ya muuguzi kumfuata. Kwa maoni yangu, kosa kubwa hapa si la mgonjwa. Mtu anayeanzishiwa klofazimini aambiwe siku ya kwanza, mbele ya ndugu anayeishi naye, kwamba atabadilika rangi, kwamba ni dawa inayoonekana na si ugonjwa unaozidi, na kwamba mafuta ya kupaka asubuhi na jioni pamoja na kofia pana vitampunguzia adha. Aliyeambiwa mapema huja mwezi wa pili akicheka kwamba rangi imefika, asiyeambiwa haji. Nafurahi kwamba regimeni (mpangilio wa dawa) mpya ya miezi 6 ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2022 haina dawa hiyo, ingawa si kila mgonjwa anaweza kuitumia.

Mstari mweusi au wa bluu kwenye kucha kwa anayetumia zidovudini, dawa ya VVU, kucha zilizopiga weusi kwa mwenye selimundu anayetumia haidroksiyurea, na viganja vilivyosawijika kwa anayepata tiba ya saratani pale Ocean Road, vyote vimo katika kundi hilohilo la kuvumilika. Bleomaisini, inayotumika pia kwa saratani ya Kaposi, huchora michirizi myeusi mgongoni ambayo inafanana na alama za viboko kiasi kwamba ndugu huuliza nani amempiga mgonjwa. Tofauti iliyopo ni kwa viganja na nyayo vinavyovimba, kuuma na kuchubuka kwa anayemeza kapesitabini: hapo daktari wa saratani aarifiwe mapema, kwa sababu dozi husimamishwa kwa muda kisha hupunguzwa.

Ukoma unatupa mtego mwingine. Mgonjwa aliyeanza dawa, mabaka yake yakiwa yametulia, anaweza siku moja kuamka yamevimba, yana joto, na neva ya kiwiko inauma akiigusa. Kila mtu atasema dawa imemkataa. Ukweli ni kwamba kinga yake imeamka na inapambana na vimelea, hata vile vilivyokwisha kufa, na ugomvi huo unaweza kuua neva na kuuacha mkono umekunjika. Dawa za ukoma zinaendelea bila kukosa, na juu yake huongezwa haraka prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe. Anayeacha dawa nyumbani akingoja uvimbe upungue hupoteza vyote viwili, tiba na mkono. Hali inayofanana na hiyo huonekana kwa walioanza dawa za VVU wakiwa wamedhoofika: kinga inapopanda, mkanda wa jeshi au ukoma uliojificha huibuka katika miezi ya kwanza, na dawa iliyokuja kuokoa hulaumiwa kwa kuleta ugonjwa ambao ilikuta umeshaingia.

Kuna pia ngozi isiyohusiana na dawa kabisa. Mtu mzima anayewashwa mwili mzima bila kipele, mwenye alama za kucha kila mahali isipokuwa katikati ya mgongo ambako mikono haifiki, hahitaji sabuni nyingine ya mwasho. Anahitaji kupimwa figo, ini na damu. Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu hukauka, husawijika na kuwashwa hasa usiku, na wapo walioanza kutibiwa upele kwa miezi kabla figo hazijatiliwa shaka. Shingo nyeusi, nene, yenye mikunjo laini kwa mtoto mnene si uchafu, na inaniuma kuona mama amemsugua mwanawe kwa jiwe la kusugulia visigino mpaka akatoka damu. Ile ni alama ya mwili kushindwa kuitii insulini, na kinachotakiwa ni kupima sukari na kuangalia chakula. Ikitokea ghafla kwa mtu mzima aliyekonda, hasa ikifika viganjani, nitamtafutia saratani ya tumbo.

Ugonjwa ninaouheshimu kuliko wote katika kundi hili ni ule alioueleza Thomas Addison wa Hospitali ya Guy's, London, mwaka 1855. Tezi zilizo juu ya figo hufa, mtu huchoka, hukonda, hutamani chumvi, presha hushuka, na ngozi hupata weusi mpya. Kwa mtu mweusi, weusi huo utafutwe kwenye fizi, ulimi, mistari ya viganja na makovu ya karibuni. Kifua kikuu kilikuwa chanzo kikubwa cha ugonjwa huo siku za Addison, na huku kwetu bado kimo. Hapo ndipo dawa na ugonjwa hukutana kwa namna ya hatari: rifampisini huharakisha ini kuvunja homoni ya kotisoli, hivyo mgonjwa mwenye tezi zinazokaribia kufa anaweza kuzidiwa wiki chache baada ya kuanza tiba sahihi ya kifua kikuu. Akitapika na kuzirai, haitoshi kusema dawa ni kali. Atazamwe fizi.

Isoniazidi ina mtego wake, na unawahusu walaji wa ugali. Huvuruga kazi ya vitamini B6, ambayo mwili unaihitaji ili kutengeneza vitamini B3, na kwa anayekula mahindi karibu peke yake akiba ya B3 ni ndogo tangu mwanzo. Matokeo yake ni pelagra: ngozi ya shingoni na migongo ya mikono, mahali jua linapopiga, huwa nyeusi, ngumu, yenye magamba na mpaka uliokatika wazi, kisha huja kuhara na, ikiachwa, kuchanganyikiwa. Malawi iliona wagonjwa wa namna hii wakati wa kupanua tiba ya kuzuia kifua kikuu, na utafiti wake ulichapishwa mwaka 2022. Kidonge cha B6 kinachoambatana na dawa hakimkingi kila mtu. Ukiona mkufu wa weusi shingoni mwa mtu anayemeza isoniazidi, usimpe krimu. Mrudishe kliniki apewe vitamini B3 na dawa yake iangaliwe upya.

Kuhusu krimu nitasema kidogo. Zenye steroidi kali, ziwe za dukani au zimo ndani ya mkorogo, hupunguza mwasho wa karibu kila kitu, na kwa hiyo huficha karibu kila kitu. Fangasi hupoteza umbo lake, mzio wa dawa hutulia nusu, na ngozi hubaki nyembamba yenye michirizi. Mgonjwa aje na ngozi isiyopakwa kitu, hata kama inatisha.

Linabaki jambo la kadi. Mgonjwa aliyepata mzio mkali aondoke hospitali na jina la dawa limeandikwa kwa herufi zinazosomeka, jina halisi na si la kibiashara pekee, na sisi watoa huduma tujaze fomu ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) ya kuripoti madhara ya dawa badala ya kuishia kwenye kumbukumbu za faili. Mwenye mzio wa karbamazepini asipewe fenitoini wala fenobabitoni, kwa sababu hizo tatu mara nyingi hugomba na mtu yuleyule. Aliyewahi kubabuka kwa Septrini ajue kwamba SP nayo ina salfa. Ninalirudia hili kwa kina mama wajawazito, kwa kuwa SP humezwa palepale kliniki, mbele ya muuguzi, kama kinga ya malaria, na foleni huwa ndefu: mama aseme kabla kikombe cha maji hakijafika mkononi, hata kama mzio ulitokea akiwa shule ya msingi, na muuguzi atamwandikia kinga kwa njia nyingine, yaani chandarua chenye dawa na kupimwa mapema kila anapopata homa.